Mashine ya kupachika kwenye mashua ya tanga: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali yanayorudi kila mara pwani, mtu akishachoka kukaa shwari saa nne huku mkondo unamrudisha alikotoka. Majibu ni ya vyombo vidogo vya tanga, yaani mashua, dau na ngalawa, kuanzia futi 15 mpaka 30 hivi. Wewe mwenye faiba ya kukimbia na HP 40 zako hapa utachoka bure, hamna kitu chako.

Kwani chombo cha tanga kinatafuta nini na mashine?

Kama unasafiri kaskazi au kusi ikiwa imeshika na unakwenda unakopeleka upepo, hutafuti kitu. Shida ni zile siku za tanga mbili, kusi imekufa na kaskazi haijaja, au Machi kwenda Aprili mambo yakigeuka, unakaa baharini tanga linapigapiga mlingoti tu. Shida ya pili ni milango ya miamba na mikanda ya maji. Mtu wa Lamu anayekwenda Pate anajua, Mkanda, ile njia ya maji kati ya mikoko, unapitika maji yakijaa, ukichelewa umelala kwenye mikoko, sasa ukiwa na mashine unaiwahi ile saa badala ya kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, huku maji yanakukimbia. Na huku kwetu Unguja siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda na kushuka mita 4 hivi, kwa hiyo mikondo kwenye milango si ya kuchezea.

Ya tatu ni mkondo mkubwa wenyewe wa pwani, ule unaokwenda kaskazini mwaka mzima na ukipata kusi unazidi nguvu, unafika noti 3 au 4. Ukiwa unatoka Pemba kuja Unguja wakati huo upepo hafifu, tanga peke yake halikufikishi.

Kwa hiyo mashine hapa ni msaidizi. Ukishalikubali hilo, maswali yote ya HP, shafti na propela yanakuwa mepesi, na watu wengi wanaopoteza hela ni wale wanaonunua kama vile wanataka kuigeuza mashua kuwa spidiboti.

Nina mashua ya futi 22, ninunue HP ngapi?

Acha futi kwanza, niambie uzito. Futi 22 inaweza kuwa nyembamba ya kuvulia na watu watatu, inaweza kuwa pana imebeba mifuko ya saruji. Kipimo wanachotumia watu wa vyombo vya tanga dunia nzima ni HP 4 kwa kila tani moja, ukihesabu chombo, watu, mzigo, barafu, nyavu, kila kitu. Mashua ya tani moja na nusu unataka HP 6. Ya tani mbili, 8. Dau la tani tatu na nusu au nne, hapo ndo 15 inapata maana. Ngalawa ya watu wawili, hata 2.5 au 3.5 inaisukuma vizuri, ukiweka 15 kwenye ngalawa umeiua, ile nguvu itavunja kitu na uzito wake nyuma utaizamisha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo.

Sasa mtaani utakuta kila mtu kafunga 15. Sababu si hesabu, sababu ni kwamba 15 ndo imejaa madukani, spea zake ziko kila kijiji, na ukitaka kuuza inauzika kesho. Hizo sababu ni za maana kabisa, sizibezi. Ila ujue unabeba kilo nyingi na unachoma mafuta ya nguvu ambayo mashua haiwezi kuitumia.

Mbona jirani kafunga 25 na mimi 8 na tunafika sawa?

Kwa sababu mashua haipandi juu ya maji, inayapasua. Chombo cha namna hiyo kina mwisho wake wa spidi na mwisho huo unatokana na urefu wake pale kinapogusa maji. Chukua futi za urefu huo, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata noti. Futi 16 majini inakupa noti 5 na kidogo. Futi 20 ni noti 6. Futi 25 ni noti 6.7. Zaidi ya hapo unaongeza mafuta, tezi inakaa chini, omo, yaani mbele ya chombo, inainuka, mawimbi nyuma yanakuwa makubwa na mwendo ni uleule. Jirani yako anachoma hela yake tu, mwache.

Kinachobaki cha kuongeza nguvu ni akiba, kusukumana na mawimbi na upepo wa mbele. Ndo maana nasema 4 kwa tani na sio 2, kwa shwari tupu hata 2 kwa tani zinatosha.

Shafti fupi au ndefu?

Hili ndo swali ambalo lingeulizwa la kwanza kabla ya HP, na ndo linaloulizwa la mwisho, mashine ikishanunuliwa.

Shafti ni ule mguu wa mashine unaoshuka majini, na zinakuja kwa inchi 15, inchi 20 na inchi 25. Fupi ya 15 imetengenezwa kwa vidau vya plastiki na boti za mpira zenye tezi fupi. Mashua tezi yake iko juu, halafu ikipiga wimbi la mbele inabinuka, omo chini tezi juu, na propela iliyokuwa majini inachungulia nje. Hapo utasikia mashine inapiga kelele kama inataka kupasuka na boti haiendi, mafundi wanasema inavuta upepo. Inavuta upepo kweli, propela imepata hewa badala ya maji. Ikifanya hivyo kutwa nzima na impela, ile inayovuta maji ya kupoza, nayo inakosa maji, mashine inachemka.

Kupima ni hivi. Tia chombo majini, pakia mzigo wako wa kawaida, watu wakae wanapokaaga siku zote, sio mtu mmoja kasimama ufukweni anakadiria kwa macho. Pima kutoka pale juu utakapobana mashine mpaka usoni mwa maji. Halafu kwenye mashine kuna ile sahani bapa iko juu ya propela, hiyo inatakiwa iwe chini ya maji inchi 4 mpaka 6. Kwa hiyo kama sehemu ya kubania iko inchi 14 juu ya maji, ongeza 6, unataka shafti ya 20. Kama iko inchi 20 juu, unataka 25, au ushushe sehemu ya kubania kwa breketi. Fupi ya 15 inataka ubanie inchi 9 tu juu ya maji, na hapo wimbi la nyuma likija linaingia kichwani kwenye kabureta. Kwa mashua nyingi jibu ni 20, na ukipata 25 chukua. Ukikuta mtu anauza fupi bei poa, bei ni poa kwa sababu hiyohiyo.

Tustroki au fostroki?

Watu watagombana hapa mpaka asubuhi. Mimi nitasema ninavyoona.

Tustroki kama Yamaha Enduro ni nyepesi, ile ya 15 ni kilo 36 mpaka 38 kutegemea shafti, wakati fostroki ya 15 iko kilo 50 na zaidi. Kwenye mashua ambayo mashine inaning'inia pembeni na sio katikati, hizo kilo 14 unaziona, chombo kinalala upande. Tustroki inafunguliwa na fundi yeyote chini ya mwembe, na ukiibinua ukaibeba begani haina oili ya kumwagika. Ubaya wake ni mafuta, 15 ukiifungua yote inakula karibu lita 7 kwa saa, na unachanganya oili mwenyewe.

Fostroki inakula kidogo, haina moshi, inanguruma chini kwa chini na haizimiki ukiiendesha polepole muda mrefu, kitu ambacho tustroki inakichukia, plagi zinajaa masizi. Lakini inataka nidhamu. Oili ya injini inabadilishwa baada ya masaa kama 20 ya mwanzo na baadaye kila masaa 100, na ukiilaza uilaze upande ulioandikwa kwenye kitabu, ukiilaza vibaya oili inaingia kwenye silinda.

Kwa hiyo uko mjini, una duka la spea na hela ya sevisi, chombo chako cha tani moja na nusu au mbili, chukua fostroki ya 6 au 8 shafti ndefu, utanishukuru kwenye mafuta. Uko kisiwa cha mbali na fundi wa karibu ni yule anayetengeneza bodaboda, chukua tustroki. Mashine isiyo na spea ni nanga ya gharama.

Oili nachanganya vipi kwenye tustroki?

Soma kitabu cha mashine yako. Nyingi za sasa ni 50 kwa 1, maana yake mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, tangi la lita 24 ni mililita 480. Mashine mpya siku za mwanzo kwa kawaida inataka mara mbili ya hapo. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, sio ya pikipiki. Na usikadirie kwa kifuniko cha chupa, nunua kikombe cha vipimo, vinauzwa bei ya chai.

Mashine ina nguvu lakini boti nzito haiendi, tatizo nini?

Mara nyingi ni propela. Propela ina namba mbili zimeandikwa, ya kwanza ni upana na ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Mashine ya 15 inakuja dukani na hatua ya 9 au 10 kwa ajili ya faiba nyepesi. Fanya hesabu, injini ikizunguka 5,000 kwa dakika na giaboksi inagawa kwa 2.08, propela inazunguka kama 2,400, mara inchi 10, unapata karibu noti 20. Mashua yako mwisho wake noti 6! Yaani propela inataka kukimbia noti 20 na chombo kinaivuta nyuma, matokeo yake injini inalemewa, haifiki mizunguko yake, inachemka, inachafua plagi na inakula mafuta bure.

Tafuta propela ya hatua ndogo, 7 au hata 6 kama ipo ya mashine yako, na yenye mabawa mapana. Kuna mashine pia zimetengenezwa hasa kwa kusukuma mzigo, Yamaha wana ile T9.9 ambayo giaboksi yake inagawa zaidi, 2.92, na propela lake ni kubwa, ukiliona unadhani ni la mashine ya 25. Kwa dau zito 9.9 ya namna hiyo inaishinda 15 ya kawaida kwenye wimbi. Ni adimu kwetu na ni nzito, lakini ukikutana nayo ujue umeona nini. Tohatsu nao wana ya tanga ya HP 6 yenye shafti mpaka ya inchi 25, hiyo kwa mashua ndogo ni saizi yake kabisa.

Propela ya zamani usiitupe, ihifadhi kama akiba, na kama mashine yako ni ya pini weka na pini zake mbilitatu, ukigonga mwamba pini inakatika kwanza ili giaboksi ipone. Ukikuta mtu kaweka msumari badala ya pini, siku hiyo akigonga atanunua giaboksi.

Msukani uko katikati, mashine niifunge upande gani?

Kama mashua yako ina tezi bapa, mashine inakaa pembeni ya fashini, ule mti wa nyuma unaoshika msukani, na kwa wengi upande wa kushoto unafaa zaidi. Sababu ya kwanza, mashine nyingi za mkono gia iko ubavuni kulia, kwa hiyo ukiifunga kushoto gia inakutazama wewe nahodha uliyeshika kana, yaani mkono wa msukani. Ya pili, propela nyingi zinazunguka kulia na tabia yake ni kuisogeza tezi kulia, huku mashine iliyo kushoto inasukuma omo kulia, hivi vitu viwili vinapunguzana na kana inakuwa nyepesi mkononi. Si sheria, kama nguzo zako au choo cha nyuma viko kushoto weka kulia na maisha yanaendelea.

Kabla ya kutoboa chochote bana mashine kwa muda, shusha, zungusha kana mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, halafu zungusha na mashine pia. Propela isifike kwenye ubao wa msukani kwa namna yoyote, acha nafasi ya kutosha kwa sababu msukani uliochakaa unacheza. Msukani wa mbao ukikutana na propela, vyote viwili vinakwenda.

Baharini acha mashine imenyooka, kaza ile skrubu ya kuzuia isizunguke, uongoze kwa kana. Ila bandarini ukikwenda taratibu kana haina nguvu, maji ya propela hayapigi msukani kwa sababu mashine iko pembeni, hapo utageuza mashine yenyewe kwa mkono. Fanya mazoezi mahali pana kwanza.

Breketi ninunue au nichonge?

Breketi za dukani za springi zinapandisha na kushusha mashine, na zimeandikwa kilo na HP zinazobeba, usizidishe hata kidogo, fostroki ya kilo 50 kwenye breketi ya kilo 30 itakuaga siku ya wimbi. Bei yake imekaa vibaya, ndo maana wengi tunachonga.

Ya kuchonga inafanya kazi vizuri ukimpata fundi mashua na sio seremala wa vitanda. Ubao wa kubania uwe mti mgumu, mvule, mninga au msaji, unene usizidi milimita 50 na kitu maana midomo ya mashine nyingi haifunguki zaidi ya hapo sana. Plaiwudi ya kawaida inavimba na kuoza, kama lazima plaiwudi basi ile ya maji na kingo zake uzizibe na epoksi.

Sehemu ya kuangalia zaidi ni ndani. Mashine haisukumi tu, inatikisa, na chombo kikishuka kwenye wimbi ile kilo 40 inakuwa kama mara mbili tatu. Ukiibana kwenye ubao wa ngozi peke yake misumari inalegea, kalafati, ile pamba ya kuzibia nyufa, inatoka na ngama, yaani tumbo la chini la chombo, inajaa bila wewe kujua maji yanatoka wapi. Kwa hiyo bolti zipite nje mpaka ndani, ndani kuwe na ubao mwingine mpana wa mbao ngumu ulioshika mataruma, yaani mbavu za chombo, mawili au zaidi, na washa pana. Bolti za milimita 10 au 12. Stenlesi iwe ya 316, ile ya 304 inayouzwa kama stenlesi ya vyuma vya madirisha inaota kutu baharini, au mabati mazito yaliyochovywa zinki na uyabadilishe yakichakaa. Matundu utoboe makubwa kidogo, uyapake epoksi, ikikauka utoboe tena saizi yake, maji hayataingia kwenye mbao. Hiyo kazi inaongeza siku moja, ifanye.

Halafu kila mara mashine iwe na mnyororo au kamba nene imefungwa kwenye chombo, sio kwenye breketi. Skrubu za kubana zinalegea zenyewe kwa mtikisiko, zikaze kila unapotoka.

Dau langu limechongoka mbele na nyuma, na rafiki yangu ana ngalawa. Tunafunga wapi?

Njia ya kawaida ni boriti moja ngumu inayokatisha chombo juu ya mbavu, nyuma ya katikati, inatokeza nje kidogo na mwisho wake ndo kuna ubao wa mashine. Boriti ifungwe pande zote mbili, na bolti au kamba, na chini yake kuwe na mguu unaoegemea ubavu ili isijizungushe. Usiweke nyuma kabisa kwenye ncha, hapo chombo hakina mwili wa kubeba uzito. Kwenye ngalawa iwe nyuma ya boriti ya mwisho ya mirengu, vile vibao vya pembeni vinavyoizuia isipinduke, ili maji yanayorushwa na mrengu yasiingie kwenye propela, na hakikisha mashine ikiinuliwa haigusi kamba za mirengu.

Kuna wanaokata tundu ndani ya dau na kutengeneza kisima cha kushushia mashine. Kinapendeza, propela inakaa katikati na haitoki majini kirahisi. Lakini kukata chombo ni kazi ya fundi aliyewahi kujenga, kuta za kisima ziwe juu zaidi ya maji chombo kikiwa kimejaa mzigo, na moshi wa mashine ukinasa humo ndani injini inavuta moshi wake mwenyewe inazimika. Acha upenyo wa hewa. Mimi dau langu la futi 18 nisingelikata.

Nikitandika tanga niiache mashine majini?

Inua. Propela iliyosimama inavuta chombo nyuma, kwenye upepo hafifu unahisi kabisa. Halafu angalia demani yako, ile kamba ya kuvutia tanga. Tanga letu ukipindua, foromali, ule mti unaobeba tanga, inazunguka mlingoti na kamba ya demani inapita nyuma, na hakuna kitu inakipenda kama kunasa kwenye kichwa cha mashine. Funga kamba ya kuzuia, au kichuma kilichopinda juu ya mashine, kamba iteleze.

Naweza kutumia tanga na mashine pamoja?

Ndiyo, na ndo raha yake. Upepo hafifu wa mbele, tanga linasaidia kidogo na mashine robo tu, unabisha kwa pembe ambayo tanga pekee lisingeweza. Kitu cha kuangalia ni chombo kulala. Kikilala upande wa mashine, inazama zaidi na ni salama mpaka maji yakaribie kichwa. Kikilala upande wa pili mashine inatoka nje na maji ya kupoza yanakosekana. Ikitokea hivyo zima au badili upande, usisubiri harufu ya kuungua.

Mafuta kiasi gani na tangi likae wapi?

Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya mambo usiyoyajua. Mashine ya 8 fostroki kwa mwendo wa kawaida hesabu lita 2 na kitu kwa saa, tustroki ya 15 nusu gesi weka 4. Kumbuka ukipigana na mkondo wa noti 3 mashua yako ya noti 5 inasogea 2 tu, kwa hiyo maili 10 ni masaa matano. Mara nyingi ni bora kutia nanga, kunywa chai, na kusubiri maji yageuke.

Kuhusu chai sasa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama na kukaa humo, na sisi wenye mashua tunapika na jiko la mkaa ndani ya chombo. Tangi likae nyuma, mahali penye upepo, chini ya turubai sio juani, jiko likae mbele. Ukijaza mafuta jiko lizimwe, na hakuna sigara, hata nahodha awe mzee wa kijiji. Kabla ya kuwasha mashine fungua kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, nusu ya wanaoita fundi kwamba mashine inazimika baada ya dakika tano hawakufungua kitundu. Petroli ya vidumu mara nyingi ina maji na uchafu, weka filta ya kutenganisha maji na chuja kwa kitambaa.

Mashine haikojoi, niendelee?

Hapana, zima. Ule mchirizi wa maji pembeni ndo dalili kwamba inapoa. Kwanza chomoa mfuko wa plastiki au majani pale maji yanapoingilia, pili zibua kitundu cha mchirizi kwa waya mwembamba, ikiwa bado basi ni impela. Kwetu maji yakipwa tunapita kwenye mchanga na mchanga unaila impela. Iwe na akiba chomboni, na kwenye maji mafupi inua mashine tumia pondo, pondo halijawahi kuhitaji spea.

Ukirudi, mashine uizungushe na maji baridi dakika kumi ndani ya pipa. Kisha chomoa mpira wa mafuta iungue mpaka ijizime, kabureta ibaki kavu. Zile zinki zilizofungwa chini usizipake rangi, zipo ili zilike zenyewe badala ya giaboksi, zikibaki nusu badili.

Imeanguka baharini, nimeiopoa. Nifanyeje?

Kama ilikuwa inaunguruma wakati inazama, usiilazimishe, inawezekana maji yameingia kwenye silinda na vyuma vimepinda. Kama ilikuwa imezimwa: ioshe yote kwa maji baridi, toa plagi, ilaze matundu ya plagi yaangalie chini, vuta kamba taratibu maji yatoke, mimina oili kidogo kwenye silinda, safisha kabureta, weka plagi kavu na mafuta mapya, iwashe siku hiyohiyo. Kinachoua mashine ni kukaa hewani na chumvi ndani yake. Kama fundi yuko mbali na huwezi kuifungua leo, izamishe nzima kwenye pipa la maji baridi mpaka afike. Watu wanacheka wakiambiwa hivi, lakini hewa na chumvi pamoja zinafanya kazi haraka kuliko fundi.

Nanunua iliyotumika, niangalie nini?

Toa kifuniko uangalie kutu na alama za chumvi. Fungua skrubu ya chini ya oili ya giaboksi kidogo, ikitoka nyeupe kama maziwa, sili zimekufa na maji yameingia. Pima mgandamizo wa silinda, kama ziko mbili zisitofautiane sana, usiridhike na kuvuta kamba tu. Iwashe ikiwa baridi, muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana sababu. Soma namba ya mashine na uone haijakwanguliwa, iandikwe kwenye risiti na jina la muuzaji, mashine za wizi ziko nyingi na polisi wataichukua kwako. Na rudi pale pale, pima shafti.

Za umeme je?

Kwa ngalawa ya kuzungusha watalii ndani ya ghuba, inawezekana kabisa na haina kelele. Lakini fanya hesabu, HP 1 ni wati 746. Kimota cha volti 12 kinachovuta ampea 50 ukifungua chote, betri ya asidi ya ampea 100 unayotakiwa kutumia nusu tu, ni saa moja au pungufu. Betri za lithiamu zinakwenda mbali zaidi ila bei yake iko juu. Na kiwe kimetengenezwa kwa maji ya chumvi. Kwa kuvuka mlango na mkondo, bado.

Karatasi zinabadilika nikifunga mashine?

Chombo kilichosajiliwa kama cha tanga kikipata mashine si kilekile tena kwa mkaguzi, kwa hiyo nenda kaulize kabla hujatoboa: Tanzania bara ni TASAC, lile shirika la uwakala wa meli, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA, mamlaka ya bahari ya huko. Kama unavua, kamati ya ufukwe pia iambie. Wataangalia maboya ya kuvaa kwa kila mtu na kizima moto, na ungevitaka hivyo hata wasingeuliza.

Ile kamba nyekundu ya kuzimia lazima niivae?

Vaa. Mkononi au kwenye goti. Ukiwa peke yako usiku ukaanguka, mashua iliyowashwa inaondoka na haina habari na wewe.

Usiku niiache chomboni?

Kama ni kilo 27 au 38, beba nayo nyumbani, ndo faida ya nyepesi. Ikibaki, weka kufuli ya kufunika zile skrubu mbili za kubana pamoja na mnyororo kwenye bolti ya ndani, toa propela na mpira wa mafuta uende navyo. Na jina la chombo lichore kwa rangi kubwa juu ya kifuniko, lichorwe vibaya kabisa, mwizi hapendi kitu ambacho kila mtu pwani anakijua.